Dakika Arobaini na Moja Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri wetu wa redio katangaza: kipindi cha Jumamosi ni cha atakayemhoji yule refa mstaafu, aliyetoa penalti ya dakika ya mwisho kwenye fainali, kisha akanyamaza miaka ishirini. Sauti iwe safi, kasema, isiwe ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Kanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Refa ni jirani wa mama mdogo! Kakubali: mara moja tu, kwa simu, kesho saa kumi. Koo la Dhahabu, mtangazaji mwenzangu, kanishauri nijaribu kwanza. Nimpigie mtu yeyote, nirekodi dakika moja, nisikilize. Wivu huo. Miaka kumi na miwili kazini, nijaribu nini?

Jumanne, 4 Machi
Studio: kabati la nguo. Mablanketi matatu, feni nimezima. Simu yangu ya kupigia, hedifoni masikioni ili sauti isivuje. Simu ya mke wangu ya kurekodi, mbele ya mdomo wangu. Kitaalamu kabisa.

Refa kafunguka! Kalia. Kasema hata ambayo mkewe hayajui. Dakika arobaini na moja. Nimetoka nimelowa chapachapa, nikamwambia mke wangu kwamba masikio ya mhariri ni mapambo tu, lakini hii hata yeye ataisikia.

Jioni. Nimesikiliza. Ole wangu! Ni mimi peke yangu. "Ehee." "Lo." "Pole, mzee." "Hata mkeo hajui?" Ya refa yote yaliingia hedifoni na kuishia masikioni mwangu. Ila sauti yangu, safi ajabu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa. Maneno ya refa nayakumbuka, nimeyaandika. Baba mkwe ana sauti nzito. Nimemwingiza kabatini, kasoma vizuri mpaka pale pa "ilikuwa penalti halali." Kaikunja karatasi. Kumbe siku ile alikuwa uwanjani, upande wa waliofungwa.

"Nitamchukua binti yangu nirudi naye nyumbani kabla sijalitamka hilo," kasema, katoka na blanketi moja begani.

Mke wangu kaniambia nimpigie refa, nimweleze ukweli, niache kuwasemea watu. Nimesema nitafikiria. Sifikirii.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia refa. Mke wangu alisimama mlangoni mpaka nilipopiga. Mzee kacheka hadi kakohoa. Kumbe naye alirekodi! Simu moja mezani, spika wazi, nyingine pembeni yake, na asubuhi alikuwa amejaribu na dada yake. Waandishi waliwahi kumgeuzia maneno, harudii kosa. Kanitumia, kasisitiza niisikilize hadi mwisho.

Nimesikiliza dakika mbili. Safi, hata pumzi zake zinasikika. Nimemtumia mhariri papo hapo. Jumamosi ni yangu!

Ijumaa, 7 Machi
Jumanne ile sikukata simu ya refa.

Mhariri kafungulia dakika ya mwisho mbele ya chumba kizima cha habari. Mimi, hedifoni bado masikioni, namsimulia mke wangu habari za masikio ya mapambo. Kila neno linasikika. Mhariri kaniuliza kwa upole kama nina la kuongeza. Kipindi kapewa Koo la Dhahabu. Imeniuma, sifichi. Nimekaa chooni hadi saa ya kutoka.

Jumamosi, 8 Machi
Refa kasikika nchi nzima. Baba mkwe alikuja kusikiliza kwetu. Ilipofika ile penalti kainamisha kichwa, kasema tu, "Kumbe beki wetu alimgusa kweli." Blanketi hajarudisha.

Mimi nimepewa kazi mpya: kusikiliza kila mahojiano hadi mwisho kabla hayajaenda hewani. Leo yalikuwa tisa. Ya kwanza nimeyasikiliza dakika mbili, safi kabisa, nikayapitisha yote tisa.

Kisha nikapitia dukani kununua mablanketi mawili. Kosa nimeligundua: matatu hayakutosha.