Mkoba wa Verdiana

Jumamosi, 10 Agosti 1974
Leo naanza! Mkwe wangu Verdiana atapata mkoba wa ngozi. Alhamisi, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ataingia nao kanisani Mpanda nzima ione. Masika homa ilinilaza, mwanangu, mumewe, yuko porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Huyu binti akanibeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, maji ya mto yakimfika kiunoni. Mgongo ule nitaulipaje?

Fundi Telesphor kanipa ngozi ya ndama aliyoilainisha mwenyewe kwa magome. Nimempa jogoo. Jogoo mkorofi, lakini hakuuliza.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimekata. Ngozi nimeitia unyevu, nimeikunja, mkunjo nimeugonga kwa nyundo. Uzi mmoja, sindano mbili, zinapishana kila tundu. Vidole vinauma. Kazi tamu!

Natoka kunywa maji, narudi, mbwa wa Hilaria anatafuna mshipi wa kuning'inizia mkoba! Hilaria, jirani yangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti bibi, mkoba wa dukani hautafunwi. Wake wa plastiki, kautoa Tabora. Nikamwambia plastiki hata mbwa anaikataa. Nimekata mshipi mwingine.

Jumanne, 13 Agosti
Telesphor kasema uzi upitishwe kwenye nta, na kingo zisuguliwe nta. Ila kwanza ichemshwe, ichujwe kwa kitambaa, ipoe, halafu irudiwe. Irudiwe! Mimi nina umri wa kurudia? Ndani kuna masega ya mwanangu, mabichi, yanatiririka asali. Nimesugulia hayo hayo, mkoba mzima. Unang'aa kama kipara cha katekista! Hilaria kapita, kautazama, kanyamaza. Asante Mungu kwa ukimya ule.

Alhamisi, 15 Agosti
Asubuhi Verdiana kalia. Kasema mama, tangu azaliwe hajashonewa kitu na mtu. Nami nikalia. Tukaondoka tumependeza.

Kwenye mahubiri, nyuki mmoja. Nikampiga na kanga. Kwenye sala ya Nasadiki, kaleta ndugu. Kwenye sadaka, ukoo mzima na wakwe zao! Wimbo ukakatikia njiani. Padri kaishia sakristia. Hilaria kajifunika kichwa kwa plastiki yake. Telesphor kapita mbio, kaniuliza mbiombio kama nilichuja. Sikumsikia.

Watu wakapiga kelele Verdiana autupe. Hakuutupa! Kaukumbatia, kakimbia nao mtoni, kauzamisha. Karudi kavimba jicho, kanikuta nimekaa ngazini, kisigino kimeumwa hakikanyagi. Kainama. Kasema panda, mama. Kanibeba hadi nyumbani akicheka, mgongo unatikisika, nami juu natikisika.

Jumamosi, 17 Agosti
Mkoba umekauka. Hakuna mshono ulioachia! Verdiana kaenda nao sokoni, jicho moja limefumba, kichwa juu. Wengine Mungu kawapa mkwe. Mimi kanipa mtoto.

Lakini sasa nadaiwa mgongo mara mbili. Basi viatu! Jogoo mwingine kaenda kwa Telesphor, vipande vya ngozi vimekuja, nimevishona. Kasema nivipake mafuta yaliyochemshwa, yakachujwa, yakapoa. Huyu mtu na kuchuja kwake! Nta sitaki tena kuiona, mimi si mjinga. Nimevipaka mafuta ya nguruwe, mabichi, nimeviacha barazani vikauke wakati naandika haya.

Hakuna nyuki hata mmoja! Kimya kabisa huko nje. Yupo mbwa wa Hilaria tu, kaja mwenyewe kulala mlangoni, anatikisa mkia. Hata yule mshenzi leo kanipenda. Asante Mungu.