Diski ya Marehemu Shemeji

Jumanne, 9 Juni
Diski ya laptopu ya Dada inakufa. Inagonga ndani kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Dada hakulia. Aliizima mashine, akaifunika kwa kitambaa, akarudi kwenye cherehani yake kushona sare za shule. Humo ndani mna picha zote za marehemu mumewe, na ile video anayocheka huku akipaka geti rangi. Kila jioni Dada huitazama. Leo katazama ukuta.

Nikasema nitabadilisha diski mimi. Akasema nisiiguse, Injinia anakuja Jumamosi. Injinia ni mdogo wetu, kitinda mimba. Anatengeneza minara ya simu na hajawahi kufukuzwa kazi. Mimi nilikuwa karani wa ghala. Miezi mitano sasa nalala chumba cha nyuma cha Dada, na nimesikia majirani wakiniita "yule wa nyuma".

Mpango: diski mpya iwe ndani kabla ya Jumamosi. Injinia akute kazi imekwisha!

Jumatano, 10 Juni
Muuza vipuri kauliza mashine yetu ni ya aina gani. Nikajibu ya kawaida. Akanishauri nilete diski ya zamani ailinganishe. Dharau tupu! Nimeonekana mtu wa kubebeshwa vielelezo? Nikachagua iliyo kubwa kuliko zote. Nzito kama tofali.

Haiingii. Kumbe ni ya kompyuta ya mezani. Ilikaribia laptopu ndiyo iingie ndani ya diski.

Nilipoirudisha, muuza vipuri alisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Wateja wawili wakacheka. Sura zao nimezihifadhi.

Alhamisi, 11 Juni
Leo nimetumia akili. Dada alipopeleka sare shuleni, nikachukua futi yake ya kushonea, nikapima pale diski inapokaa. Urefu, upana, vyote nikaandika kiganjani. Dukani nikataja vipimo kama daktari. Muuza vipuri akauliza, na unene? Nikamwambia asinipotezee muda. Nani hupima unene wa kitu kinachoingia mfuko wa shati?

Imeingia! Ila imezidi unene milimita mbili na nusu, na kifuniko cha chini hakifungi. Nikakikalia. Nacho kikalia: ka! Ufa pembeni, mrefu kama kidole.

Dada akarudi, akanikuta sakafuni. Akauliza kulikoni. Nikasema mgongo. Akaleta dawa ya kuchua, akanichua mwenyewe, mikono bado ina nyuzi za sare. Akaniambia nisijitese, kazi nitapata. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilisema asante.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemeza mate machungu, nimeibeba ile ya zamani. Muuza vipuri kaiweka kando ya nyingine. Katazama unene, katazama meno ya kuchomekea. Dakika moja, kanipa. Akageukia mteja mwingine. Afadhali angenitukana.

Nyumbani imeingia barabara, kama kisu kwenye ala yake! Skrubu mbili zimebaki. Nadhani kiwandani huzidisha. Mashine inawaka lakini inaandika kuwa haioni kitu. Ugeni tu. Ikilala kwenye chaji itazoea.

Ikabaki ile ya zamani. Injinia akiiona hakosi la kusema. Atadai ilikuwa inatibika, kwamba nimeharakisha. Heri asiikute. Kabla ya kuitupa nikaifungua, nijue nini kilikuwa kinagonga. Ndani mna kioo! Duara, kinang'aa kuliko chochote nyumbani humu. Nikakipangusa kwa spiriti, nikakitundika juu ya beseni la kunawia. Kwangu hakijawahi kuharibika kitu kikakosa faida.

Jumamosi, 13 Juni
Nimenyoa ndevu kwa kioo changu. Kidevu laini. Injinia kafika saa nne asubuhi, nikampokea kifua mbele.

Akafungua mashine. Akakubali diski imekaa sawasawa. Alitamka kwa kinywa chake, mbele ya Dada: kaka umeweza. Miaka mingapi nimeingoja kauli hiyo! Niliionja kama nusu dakika.

Kisha akauliza ya zamani iko wapi. Hii mpya ni tupu. Alikuja na kifaa cha kunyonya picha kutoka kwenye ile inayogonga, maana inayogonga bado ina uhai. Nikamweleza kuwa picha zimo kwenye mashine.

"Mashine ni nyumba tu, kaka," alisema. "Watu walikuwa kwenye diski."

Nikawaonyesha beseni. Injinia akashika kichwa. Dada akasogea, akakitazama kile kioo. Kilikuwa na tone la povu langu.

"Yumo humu?" aliuliza.

"Alikuwamo, Dada," Injinia alijibu.

Akakitungua. Akafuta povu kwa upindo wa gauni, akaenda nacho chumbani, akafunga mlango. Cherehani haikulia kutwa nzima.

Jumapili, 14 Juni
Nyumba imepoa. Dada kaniwekea chai, hakunitazama. Angefoka ningejua pa kushika.

Injinia, kabla ya kuondoka, amekumbuka simu ya marehemu iliyo kabatini kwa Dada. Haiwaki, betri imevimba na ikichezewa hulipuka, lakini huenda mna picha chache. Fundi wa simu ataijia kesho. Nikaambiwa mbele ya wote, bila kupepesa, nisilisogelee kabati.

Nimeinamisha kichwa. Nimekosa, nakiri, na roho inaniuma. Nimejichunguza asubuhi nzima nione kosa lilikuwa wapi. Ni subira. Nilisubiri mpaka Ijumaa kufanya jambo la Jumatano.

Dada ameenda makaburini. Kabati limerudishiwa tu, halikufungwa. Simu ninayo hapa mkononi. Kweli betri imevimba, lakini huo ni upepo. Tundu moja la sindano, upepo utoke, basi. Hata kwa fundi haitahitaji kwenda.