Kadi za Watiri Zisisomwe Tena Kanisani

Kwa Mzee Theuri,
Msimamizi wa Sanduku la Posta la Kanisa,
Karatina.

Mzee wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini wewe na Mama Munene hamjambo, na yule ng'ombe wenu ameanza kula. Mimi sijambo kwa mwili tu, ndiyo maana nakuandikia kwa heshima zote.

Unajua kwamba mimi na Watiri tuliuza vitunguu meza moja sokoni tangu tukiwa wasichana. Mwaka jana akahamia Kangema kumtunza mamake mgonjwa na kuchuma majani chai, akaniachia meza nzima na hakuna wa kucheka naye. Nikaamua kumnunia. Nilinuna vizuri, Mzee, bila kumsumbua mtu. Lakini Watiri hajui kununiwa. Ananitumia kadi, tena za kuandika kwa mkono, kupitia sanduku la kanisa kwa kuwa sisi wengine hatuna letu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kadi hazifutiki. Watu wa heshima hutuma ujumbe kwa simu. Simu ikijaa, unafuta, maisha yanaendelea. Kadi ya Watiri inakaa tu juu ya kabati, kwenye kitambaa nilichofuma mwenyewe, ikinitazama nikila. Ile ya Krismasi ina alama ya kikombe chake cha chai. Utamnuniaje mtu ambaye kikombe chake kiko sebuleni kwako?

2. Hapa nakutaja wewe, Mzee, unisamehe. Kadi moja ilikuja bila bahasha, nawe ukidhani ni tangazo ukaisoma mimbarini: eti Mama Anita, yale magoti bado yanakulilia ukipanda ngazi? Kanisa zima likaombea magoti yangu. Kesho yake Wakonyo wa viazi akanisimamisha mbele ya wateja: "Ati Mama Anita, hiyo magoti imepona ama tuongeze maombi?" Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yamepona.

3. Nilijaribu kujitetea. Ile ya Pasaka nilimfungia nayo vitunguu saumu mteja mmoja kutoka Kagio. Siku ya soko iliyofuata alinirudishia, ameinyoosha kwa pasi, akasema mtu hawezi kuandikiwa maneno kama hayo halafu ayafanye gazeti. Akaniuliza mama yake Watiri anaendeleaje. Sikujua. Ikabidi niisome mpaka mwisho palepale, nikalia, na kwa bahati wateja wakadhani ni vitunguu.

4. Hili limezidi yote. Siku hizi nikiona kioja sokoni, najikuta napanga jinsi ya kumwandikia. Juzi mbuzi alikula kofia ya askari wa kaunti. Wenzangu walicheka, mimi nilikimbia kutafuta kalamu. Nikiendelea hivi sitaweza kumnunia mtu yeyote, na mwanamke wa umri wangu asiyeweza kununa atadharauliwa hata na kuku wake.

Kwa hiyo naomba kadi zote za Kangema zirudishwe zilikotoka, na wazee wa kanisa wamwandikie Watiri aache. Niruhusiwe kununa kwa amani mpaka arudi mwenyewe kuketi mezani petu. Ninamkumbuka mno, na hilo nalo ni kosa lake.

Nisalimie Mama Munene, mwinjilisti na wanakwaya wote, hata yule wa besi anayesinzia wakati wa mahubiri.

Ni mimi niliyenuna,
Mama Anita,
Meza ya vitunguu, lango la chini.

Tanbihi: Jumapili hii uligawa barua na jina langu hukuliita. Nilibaki kwenye benchi mpaka ukafunga mlango. Tafadhali angalia nyuma ya ile droo, huwa zinaangukia huko. Kama kweli haikuja, humu ndani nimeweka kadi niliyomwandikia Watiri, ya mbuzi na kofia, na chini nimemuuliza hali ya mamake. Naomba uitume mara tu baada ya ibada ijayo. Sikuitia kwenye bahasha yake, makusudi. Uisome kwanza mimbarini, ili kanisa limwombee mamake.