Visanamu kwa Robo Kilo

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Wewe uliyeokota maandishi haya, nakuomba kwa heshima zote: yarudishe ulipoyakuta. Ukishindwa, basi soma huku umefunga mdomo. Usimwambie Trevor. Usimwambie Mzee Badawy. Nuha ndiye hasa usimwambie, hata akikuuliza kwa ile sauti yake. Mimi ni karani wa stoo. Nina cheti kizuri na moyo mdogo. Nikichekwa, siku mbili sili.

Habari yenyewe ni hii. Mzee Badawy, tajiri wetu wa hadiwea hapa Voi, amerudi kutoka mnada wa mizigo isiyodaiwa huko Mombasa. Alikwenda kununua mabomba ya bafu. Mabomba yakaja na katoni moja ya ziada isiyojulikana ni ya nini. Nikaifungua mimi. Ndani mna kadi ngumu, kila moja na tundu juu la kutundikia, na mbele yake plastiki ngumu iliyovimba kama lengelenge. Na ndani ya lengelenge, watu! Watu wa madini, wafupi kama kidole gumba. Askari mwenye deraya. Mzee mwenye kofia ndefu na fimbo. Kibeti mwenye shoka. Mifupa mitupu iliyoshika upanga. Picha kwenye kadi ina rangi zote za leso. Kitu chenyewe ni kijivu. Tena hakijaungwa! Mwili huku, mkono kule, kitako cha kusimamia peke yake. Wizi mtupu.

Mzee Badawy akatutazama mimi na Trevor, muuzaji wa kaunta. Alisema duka la Taveta linafunguliwa mwezi ujao na bado hajaamua nani atalishika. Basi, atakayeimaliza katoni hii kufikia Jumamosi, funguo za Taveta ni zake. Trevor alicheka, akasema bwana karani hata maji hawezi kumuuzia aliye jangwani, atamwomba kwanza stakabadhi. Nilikuwa tayari Taveta. Nilikuwa na kiti kinachozunguka, na dirisha, na ndani ya dirisha mlima mzima umekaa kimya ukinisubiri nimalize chai. Niliposhtuka, chai ilikuwa mapajani.

Jumanne, 2 Agosti

Nimepata hila. Ni hila safi, ya mtu aliyesoma.

Mtu wa Voi hanunui kitu asichokishika. Mpe kitu nyuma ya plastiki, atakiangalia kama samaki wa hoteli kisha aende zake. Na katika duka hili kila kitu kidogo hupimwa kwa mizani: skrubu, bawaba, nyaya. Kwa hiyo nilikuja kabla ya wenzangu na wembe mpya, nikazipasua kadi zote. Zote! Nikapanga kwa utaratibu. Miili mkebe wake. Vichwa mkebe wake. Mikono, ngao, mabawa, vitako, kila jamii kwake. Kadi tupu nikazihifadhi, maana karani hatupi kitu. Nikaandika kibao: ROBO KILO NA KUENDELEA.

Trevor alipofika alisimama muda mrefu mbele ya mikebe. Akauliza kama vichwa napima pamoja na mifupa au steki tupu. Mama mmoja wa Mraru akauliza kama vinafukuza panya. Nilimwambia havijajaribiwa. Mchana akaingia dereva wa basi la Mombasa, akachagua mwili wa askari, akauweka kiganjani, akautazama hivi, akautazama hivi. Alitaka huo mmoja tu. Nilimwonyesha kibao. Akasema kaka, mimi nina basi moja, robo kilo ya watu nitawaketisha wapi. Nilimwambia utaratibu ni utaratibu. Akaurudisha mkebeni taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Trevor alikuwa ameegemea mlango, anachokoa meno. Nadhani alivutiwa na msimamo wangu.

Jumatano, 3 Agosti

Nuha amekuja! Binti wa Mzee Badawy, yuko likizo kutoka chuo cha Uingereza. Aliingia stoo na harufu ya udi, akaona kadi moja tupu mezani, akapiga ukelele wa furaha. Alisema anavijua. Ni vya mchezo. Watu huketi mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana kisanamu chake, ndiye yeye. Anayesimulia husema mko kwenye pango, mnasikia maji. Kisha mnarusha dadu yenye pande nyingi kujua kama mtapona. Nilimuuliza nani hushinda. Akasema hakuna anayeshinda, kaka Francis, watu huendelea tu.

Kaka! Lakini sikuumia sana. Alikuwa anazungumza na mimi nilikuwa nimeshakwenda. Kaunta ilikuwa uwanda wa Tsavo, magunia ya saruji vilima vya Taita vyenye ukungu. Mimi na Nuha, wafupi kama kidole gumba, tulikuwa tunapanda kuelekea Wusi, na kibeti mwenye shoka anatufyekea njia, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Nikarudi duniani kwa sentensi moja. Alikuwa akisema kwamba, nikiwa huko vilimani, amempigia kwa simu ya duka Bwana Ridha, mwenye duka la michezo Nairobi. Atapita Jumamosi akienda Mombasa na atachukua katoni nzima, mradi kadi hazijafunguliwa. Wanunuzi wa vitu hivi, akasema, wanataka lile lengelenge lenyewe. Likipasuliwa, basi. Akaniuliza: hazijafunguliwa, sivyo?

Nikasema hazijafunguliwa.

Mikebe ilikuwa nyuma ya miguu yangu. Niliisukuma chini ya kaunta kwa kisigino, polepole, huku nikitabasamu.

Jumanne nilikuwa na akili. Leo ninazo mbili, na zinagombana.

Alhamisi, 4 Agosti

Hila mpya: kuzifunga tena. Nani atajua?

Nimejisingizia homa na kubeba kila kitu hadi chumbani kwangu, mtaa wa Kaloleni. Nikaazima pasi ya makaa ya Bi Mwanatumu, mwenye nyumba wangu. Nilimwambia ni kwa shati la kazini. Kadi ya kwanza, lengelenge likanywea kama shavu la mzee asiye na meno. Ya pili ikashika vizuri, lakini ikashika pasi pia. Bi Mwanatumu aliifuata harufu, akasimama mlangoni, akasema, mwanangu, hilo shati lako ni la mpira? Akaichukua pasi yake. Nikaendelea kwa gundi na mshumaa.

Tatizo ni mikebe. Juzi nilijivuna kwa utaratibu wangu, leo naulaani. Kichwa hiki cha nani? Bawa hili la joka au la ndege? Nilijaribu kufuata picha, macho yakachoka, nikaanza kufuata huruma. Kibeti nilimpa mabawa, maana alionekana amechoka kutembea. Mzee wa kofia ndefu nikampa ngao. Uzee una hatari zake.

Tena miili haitoshi! Nusu ya mkebe haipo. Nimefikiri sana. Si panya, panya hali madini. Niliegemea ukuta kidogo nikawaona wazi: wanashuka kwa uzi kutoka kaunta, wanapita chini ya mlango, wanafuata reli kwa mstari kuelekea Mwatate, kijivu katika vumbi jekundu, na aliye mbele ameinua fimbo. Sikuwalaumu. Hata mimi ningekwenda.

Kadi zilizobaki bila watu nimezitilia skrubu zilizosimama wima. Kwa mbali, skrubu ni mchawi mwembamba.

Ijumaa, 5 Agosti

Katoni imejaa, nimeifunga kwa utepe. Inapendeza. Nuha alitaka kuona kadi moja. Nilimwonyesha nikiwa ng'ambo ya duka, nikaitikisa kidogo kama mtu anayepunga mkono. Alisema inang'aa vizuri. Nilitaka kulia.

Trevor amevaa shati jipya, anapiga mluzi. Aliomba nimwazime gundi. Nikakataa katakata. Akasema asante, karani, akachukua chupa rafuni, akalipia kama mteja, akatoka kuelekea stendi ya mabasi. Gundi ya nini? Mtu huyu ana jambo analolificha. Siwezi kuwaamini watu wanaoficha mambo.

Jumamosi, 6 Agosti

Bwana Ridha ni mtu wa adabu. Ndiyo iliyoniua.

Aliichukua kadi ya juu, akaigeuza, akaligusa lengelenge kwa ncha ya kidole. Likadondoka. Kibeti akaanguka mezani na mabawa yake. Bwana Ridha akachukua ya pili. Mzee na ngao. Ya tatu ilikuwa skrubu. Aliishika juu kwenye mwanga kwa muda, akauliza, kwa upole kabisa, huyu ni wa mchezo gani.

Nuha alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la saruji na buibui lake likawa jeupe. Mzee Badawy hakucheka. Aliniita kijana. Kwa kawaida huniita Francis.

Nilikuwa nakusanya kadi alipoingia dereva wa basi la Mombasa, yule yule, na wenzake nyuma. Hakunitazama. Alimuuliza Trevor kama yule mwenye mabawa aliyemwagiza amepatikana, maana utingo wake hamwachi alale. Tukatoka nje. Mabasi yalikuwa yamejipanga, na juu ya kila dashibodi, ameshikwa kwa gundi, alisimama mtu wangu mmoja akitazama barabara. Askari wengine walikuwa na vichwa vya mifupa. Madereva walivipenda hivyo.

Trevor alieleza bila haya. Jumanne na Jumatano alichota mikebeni, na tangu hapo anaunga kichwa chochote kwa mwili wowote, anauza mmoja mmoja stendi. Akampa tajiri bahasha ya mauzo. Madereva wakauliza kama kuna zaidi. Trevor akasema wako wengi, ila huyu karani amewafungia. Basi nikasimama kaunta na wembe ule ule wa Jumanne nikazipasua kadi zote mara ya pili, mwenye basi anangoja, mwenye lori anangoja, wananiambia kaka, fanya haraka. Adhuhuri katoni ilikuwa tupu. Mpaka skrubu walichukua.

Bwana Ridha alikunywa soda yake akaenda Mombasa. Trevor akapewa funguo za Taveta. Mimi sikufukuzwa. Mzee Badawy aliniuliza jambo moja tu: Jumanne yule dereva alitaka mmoja, kwa nini hukumuuzia? Nikamwambia kibao kilisema robo kilo. Nani aliandika kibao? Mimi. Akafumba macho, akakaa hivyo.

Jumapili, 7 Agosti

Nimezunguka Kaloleni bila kwenda popote. Mlima wa Taveta umehamia dirishani mwa mtu mwingine. Trevor atautundikia shati.

Nuha amenitumia salamu: kibeti wa mabawa amemchukua yeye, anarudi naye chuoni, na katika mchezo atampa jina langu. Namwona tayari yuko mezani kwenye nchi ya baridi, ameketi karibu na mkono wake. Wanasikia maji. Hakuna aliye na haraka.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimetulia, nimelipima jambo lote kama msomi. Kosa langu nimeliona. Pasi ilikuwa moto mno!

Mengine yote yalikuwa sawa. Nuha mwenyewe alisema: mnunuzi wa kisasa anataka lengelenge. Nani hapa Voi amewahi kuona msumari mmoja mmoja, safi, kwenye kadi yake, na tundu la kutundikia juu? Leo mchana, tajiri akiwa msikitini, nimebeba gunia zima la misumari hadi chumbani, pamoja na zile kadi tupu, nikalifungua. Pasi nimeichukua kimya kimya, nikaipoza kidogo, na lengelenge la kwanza limeshika vizuri sana. Nitamaliza gunia kabla hajauliza liko wapi, na hapo atanitafutia duka kubwa kuliko la Taveta.

Ukitaka kunipata, shuka Voi, uliza Kaloleni, nyumba ya Bi Mwanatumu yenye mlango wa kijani. Usigonge mbele, atakuuliza habari za pasi. Zunguka penye kamba ya nguo, kohoa, subiri. Usimtaje Trevor. Njoo na chenji kamili. Na ukihitaji misumari miwili, njoo na rafiki yako: kibao kinasema mteja mmoja, msumari mmoja.