Jinsi Kengele ya Mama Mkwe Ilivyokombolewa

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama! Wekeni chini vijiko, zimeni simu, mpate habari za Fundi wa Kompyuta, simba wa kibodi, aliyepigana na sekunde moja akaishinda.

Mama mkwe wake, malkia wa chumba cha wageni, alikuwa amepasuliwa koo, na daktari akampiga marufuku kutamka neno kwa wiki mbili. Shujaa akaapa: "Mama, hutateseka maadamu mimi ni mkweo! Gusa kitufe chochote, kengele italia jikoni, nami nitafika kama mshale!" Akaweka kando ya kitanda kompyuta kuukuu ya Linux, akaiandikia skripti, yaani orodha ya amri za kuifanya kazi hiyo, akajipongeza kabla mtu hajamwahi.

Asubuhi ya pili mama mkwe akapaliwa na uji. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza vya katikati kwa kiganja kizima. Kimya kile kile. Ni binti yake, mke wa Fundi, aliyekuwa akipita na ndoo, aliyempiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

"Ewe bwana wa mitambo!" mke akanguruma mlangoni mwa jikoni. "Kengele yako inangoja nini? Kadi ya mwaliko?"

Fundi akakimbilia chumbani. Mgonjwa akamsogezea daftari alimoandika: *Nilidhani umenichoka.*

Maneno mawili hayo yalimchoma kuliko mkuki. Akaivamia skripti, akakuta maadui wawili. Wa kwanza, terminali, dirisha linalopokea maandishi ya kibodi, bahili aliyezifungia herufi zote ghalani mpaka Enter ibonyezwe. Wa pili, amri ya kulala sekunde nzima kila mzunguko kabla ya kuchungulia kibodi.

"Nani kaileta hiyo?" mke akauliza.

"Huyo nilimzaa mwenyewe," akakiri, jasho la aibu likimtiririka. "Nipisheni!" Na hakuna aliyemzuia.

Kwa amri moja ya stty, inayoitawala terminali, akalivunja ghala, kila herufi itoke papo hapo. Ile amri ya usingizi akaifuta bila mazishi. Tangu hapo skripti ikapiga kambi langoni mwa kibodi, ikingoja mguso wa kwanza.

"Mama, jaribu."

Kidole hakijatua vizuri, kengele ikalia! Akabonyeza mara kumi na moja, ikaitika mara kumi na moja. Ndipo mama yule, ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumsifu mkwewe hata kwa kikohozi, akainua kidole gumba.

Wako wanaodai kilinyooka nusu tu. Wazushi! Katika nyumba ile miaka sasa huhesabiwa kabla ya gumba na baada ya gumba.