Mashine Mbili, Fremu Moja

Jumatatu, 14 Januari 2008

Siku kubwa. Mashine imefika! Binamu yangu Loth, anayefungua makontena ya vitu vilivyotumika huko Dar, aliipakia kwenye basi. Nimeipokea stendi ya Same nikiwa nimevaa shati la kanisani. Ni HD DVD. Picha yake ni safi kuliko ya DVD ya kawaida, safi hadi jasho la mwigizaji unalihesabu. Hayo ni maneno ya Loth. Pamoja nayo nimepata diski tatu: ya mamba, ya magari, na ya mapishi ya Kijapani.

Inachelewa kuwaka. Wateja wangu wawili walisubiri, kisha wakaniuliza kwa upole kama nimetapeliwa. Nikawaambia kitu cha heshima hakikurupuki. Halafu inakataa diski za kuchoma kwa kompyuta, yaani diski zote zilizomo Same. Hiyo nayo ni heshima.

Banda langu la video liko nyuma ya mashine ya kusaga. Wakisaga, picha inatetemeka. TV yangu ni ya zamani, ya chogo, na waya wa picha ni ule wa njano, kwa hiyo kuna wanaodai hawaoni tofauti yoyote. Mimi naiona. Inataka mtu atulie.

Nafasi ilikuwa finyu, nimempa Mwamvita deki yangu ya zamani ya mikanda. Mwamvita ni muuza chapati wa pale stendi, mtu wa Tanga. Nani anaangalia mikanda siku hizi? Amenipa chapati sita. Nimemwona mjinga kidogo, maskini.

Jumatano, 16 Januari

Linus! Huyu ni yule aliyekuja kutoka Songea kufuata kazi ya mkonge, siku ya tatu akagundua kwamba mkonge unachoma. Tangu hapo ana banda la video mkabala na langu. Leo katundika bango: HD YA KWELI NI BLU-RAY. Shemeji yake wa Arusha kamletea mashine.

Nimepita kuchungulia, kwa bahati mbaya tu. Diski ni duara ileile, ukubwa uleule, inang'aa vilevile. Lakini ya kwake haichezi kwangu na ya kwangu haichezi kwake. Nasikia ndivyo ilivyo dunia nzima, makampuni yamegawana filamu kama ndugu waliogombania shamba. Atakayeshinda atabaki peke yake. Same itaongoza.

Linus ana diski mbili. Mimi tatu. Nimemkumbusha kwa sauti, kutoka ng'ambo ya barabara.

Jumamosi, 19 Januari

Bibi Raheli ana fremu tupu ya duka pale stendi, mlango unatazama barabara kuu. Nesi mstaafu wa Gonja, mjane, hana haraka. Wote wawili tunaitaka fremu hiyo. Kwa Linus ni tamaa tu. Kwangu mimi ni ndoa.

Nieleze. Agatha wa duka la dawa amekubali tufunge ndoa baada ya Pasaka, kwa sharti moja. Haolewi na mtu wa nyuma ya mashine ya kusaga. Anasema kila akija kunitembelea anaondoka na pumba kichwani, na wateja wake wanamwuliza kama amezeeka. Nipate mlango unaotazama barabara, kisha ndiyo nitume mshenga. Nampenda Agatha. Nimeandika hapa kwa sababu kumwambia huwa nashindwa.

Bibi Raheli alikuja leo mwenyewe. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akafungua kitenge na kutoa mkanda wa video. Ni wa mwaka tisini na nne. Marehemu mumewe, Mzee Anaeli, akiongoza kwaya siku ya jubilei ya usharika. Deki yake iliharibika zamani, hajamwona mzee tangu amzike. Akauliza kama mashine yangu mpya inaweza.

Nikamweleza kuhusu HD kwa kirefu. Akasikiliza vizuri sana. Mwisho nikamwambia mkanda ni kitu kilichokufa. Akasema mzee ndiye aliyekufa, mkanda bado haujapimwa, na yeye kama nesi hatangazi kifo bila kupima. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Linus. Nilimwona Linus akimweleza naye kwa kirefu, kwa mikono yote miwili.

Jumapili, 20 Januari

Nina mpango. Baada ya ibada nimesimama pale wanapouza ndizi za sadaka, nikamnong'oneza mama mmoja kwamba Blu-ray inasomwa kwa mwale wa bluu, na mwale wa bluu unaharibu macho. Nilichagua mama mwenye sauti.

Jumanne, 22 Januari

Mpango umefanikiwa kupita kiasi. Banda la Linus halina mtu!

Langu pia. Linus kaleta kitabu cha maelekezo cha mashine yangu, sijui kakipata wapi, kumbe ndicho nilichomfungia mteja maandazi. Kawasomea watu barabarani. HD DVD nayo inatumia mwale wa bluu. Uleule!

Sasa watu wote wako kwa Mwamvita wanakula chapati na kulinda macho yao. Agatha kasema dukani kwake wameulizia dawa ya macho ya bluu. Hakucheka.

Alhamisi, 24 Januari

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi. Si kweli, na anayesema hivyo nitamshtaki. Leo nimempeleka Linus baraza la kata kwa sababu ya lile neno KWELI kwenye bango lake. Kama ya kwake ni ya kweli, ya kwangu ni ya nini? Hilo ni shauri la heshima ya mtu. Karani aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Jumanne, 29 Januari

Baraza limekaa. Mwenyekiti ni Mzee Tumainieli, mkulima wa tangawizi, mtu wa msimamo. Wazee wakasema hawawezi kuamua wasichokiona. Tukaagizwa kuleta mashine. TV ya ofisi ni ndogo, mtu wa mbele akikohoa wa nyuma haoni kitu.

Nilianza mimi, na mamba. Mashine ilipochelewa kuwaka wazee wakafungua kwa sala. Mamba alipomshika yule mtalii, Mzee Tumainieli alisimama. Nikataka kusimamisha filamu ili nitoe hoja kuhusu usafi wa picha. Nikaambiwa nikae, nisivuruge baraza.

Umeme ukakatika mamba akiwa bado hai. Kesi imeahirishwa hadi baraza lijue amefikia wapi.

Alhamisi, 31 Januari

Wamemaliza mamba. Wakaangalia na ya Linus, ya vita, yote. Wakaomba kurudia kipande cha daraja. Kisha uamuzi: baraza halijaona tofauti yoyote ya picha, ila limeona kwamba ya mamba ina mwisho mzuri zaidi. Bango libaki. Mimi na Linus tuombane radhi, na filamu ya tatu, ya magari, iletwe wiki ijayo kwa uchunguzi zaidi.

Nimeihesabu kama ushindi. Linus naye nasikia kaihesabu hivyohivyo. Ndivyo alivyo, hana aibu.

Jumatano, 13 Februari

Bibi Raheli ametuma ujumbe. Jumamosi twende nyumbani kwake, mimi na Linus, na mashine zetu. Atakayemwonyesha mzee wake ndiye atakayepewa fremu. Hivyo tu. Maneno mafupi, ya kinesi.

Nimewaza siku nzima. Mkanda hauingii kwenye HD DVD, hilo nalijua. Lakini hauingii hata kwenye Blu-ray! Kwa hiyo tuko sawa, na mwenye maneno mazuri ndiye atakayeshinda. Maneno ninayo. Nimemwambia Agatha aanze kufikiria rangi za sare. Akauliza kwa nini nisitafute deki ya mikanda tu. Nikamwambia hayo ni mawazo ya kizamani.

Jumamosi, 16 Februari

Nitaandika yote bila kujipendelea.

Tulifika pamoja kwa sababu Linus alikimbia nilipokimbia. Sebule safi, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, picha ya Mzee Anaeli ukutani. Harufu ya makande jikoni. Bibi Raheli alivaa gauni la kanisani. Aliuweka mkanda mezani, akakaa, akakunja mikono.

Nilitangulia. Nikaonyesha mapishi ya Kijapani, nikaeleza kwamba siku moja kwaya zote zitakuwa safi hivi, kila jino la mwimbaji litaonekana. Bibi akasema mzee hakuwa na meno mengi. Akauliza yuko wapi. Nikasema teknolojia inamfuata.

Linus naye akaonyesha daraja likilipuka. Bibi akauliza kama mzee yuko darajani. Linus akachukua mkanda na kujaribu kuuchomeka. Tundu la mashine yake ni jembamba kama la sanduku la sadaka. Bibi Raheli alimpokonya mkanda na kumwambia jambo kwa Kipare. Sitalitafsiri, lakini nililifurahia.

Ndipo Mwamvita akaingia. Alikuwa ameagizwa chapati za wageni. Akapiga shikamoo, akaona mkanda, akasema mbona deki ya hivyo anayo, huwa anaangalia mkanda wa harusi ya dada yake jioni akishamaliza kuuza. Bibi Raheli akamtazama, akamwomba akailete. Akaenda. Linus alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya Linus.

Akarudi nayo kichwani. Deki yangu! Ina unga wa ngano kwenye pembe, imepakwa mafuta kidogo, inang'aa. Akaichomeka. Mkanda ukaingia, ukalia krrr, ukatulia.

Picha mbaya sana. Chenga, mistari, rangi za kijani zinapanda na kushuka. Kwaya inaonekana kama iko kwenye mvua. Halafu mtu mmoja mrefu akatoka pembeni, akasimama mbele yao, akageuka kutazama kamera, akarekebisha tai. Akainua mikono.

Bibi Raheli akasema, "Huyo." Akarudia tena polepole, "Huyo." Kisha akaanza kuimba nao sauti ya pili, akiwa amekaa, mikono bado imekunjwa.

Nililia. Naandika wazi. Linus naye alilia, ila mimi ndiye niliyeanza.

Fremu amepewa Mwamvita.

Jumapili, 17 Februari

Nimemwambia Agatha kwamba ilikuwa bahati mbaya. Akauliza deki ile Mwamvita aliipata wapi. Nikasema watu wana vitu vyao. Akasema Mwamvita kamwambia. Kisha akanitoa pumba kwenye nywele, taratibu, moja moja. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 21 Februari

Loth kapiga simu. Waliotengeneza HD DVD wametangaza kuacha. Vita imekwisha, Blu-ray imeshinda dunia nzima. Nikamwuliza kama Same wametajwa. Hapana.

Linus kaja mwenyewe kunipa pole, kaniletea soda. Ameandika bango jipya: MSHINDI WA DUNIA. Jioni nikachungulia bandani kwake. Watu wawili. Walikuwa wanamwuliza kama ataweka mpira.

Jumatano, 27 Februari

Fremu ya Mwamvita imejaa hadi barazani. Watu wanashuka kutoka milimani na mikanda yao: harusi, kipaimara, ubatizo, mazishi ya babu. Wanakula chapati, wanaangalia, wanalia, wanaagiza chai. Mzee Tumainieli alikuja na baraza zima. Agatha kapeleka mkanda wa harusi ya wazazi wake. Karudi macho yamevimba, anacheka. Kaniambia mama yake alikuwa mzuri sana. Nikamwambia na yeye ni mzuri. Limenitoka tu! Akasema bado ana sharti lake, lakini alilisema kwa sauti nzuri.

Sijalala. Nafikiri.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeelewa yote. Namshangaa Linus na ushindi wake.

Tazama. Mkanda ulikufa, wote tukaudharau, leo umepata fremu. Kwa hiyo kitu hakilipi mpaka kife kwanza. Sasa HD DVD imekufa. Imekufa kabisa, kwa tangazo! Blu-ray bado ni nzima, masikini, haijaanza hata kuumwa. Nimemwacha Linus mbali sana, na yeye hajui.

Nimempigia Loth. Ana mashine nane za HD DVD ambazo hakuna anayezitaka, amefurahi mpaka akaniita kaka mkubwa. Zote zinakuja na basi la Jumatatu. Nitavaa shati la kanisani.

Agatha nimemwomba avumilie kidogo. Akauliza kidogo ni kiasi gani. Nikamwambia mkanda wa Mzee Anaeli ulichukua miaka kumi na minne tu. Akaenda kula chapati.

Tatizo ni nafasi. Banda ni lilelile. Kwa hiyo leo nimempelekea Mwamvita ile deki yangu ya DVD, ya Kichina, inayocheza diski yoyote hata iliyokwaruzwa na kuku, pamoja na katoni la filamu za kuchoma ambazo wateja huniulizia kila siku. Zimenibana. Kaniuliza kama nina hakika. Kisha kanipa chapati sita.

Safari hii nimedai na chai. Akanipa. Biashara haijui kabisa, yule mama.