Vita vya Makuti Mia Tatu

Kaeni kitako, enyi wenye masikio, na mwenye kikohozi akakohoe nje, maana leo zinatajwa habari za Mwalimu Abilahi, simba wa ubao mweusi, aliyesimama mwaka wa sabini na tatu mbele ya Darasa la Tano, katika kijiji cha ujamaa jirani na Miteja, akafunga kitabu cha hesabu na kutangaza vita: "Wanangu! Paa letu linavuja. Liezekeni kwa akili kwanza. Makuti mangapi yatatosha?"

Nyuma aliketi Mkaguzi Alfonsi, mwamba wa Lindi, kalamu mkononi kama mkuki. "Mwalimu," alinguruma, "kengele ikilia bila jibu, kesho unarudi kuwaimbisha jedwali kwa fimbo."

Lakini fimbo Abilahi alikwisha kuitupa chooni.

Majeshi mawili yakavaana. Tawakali, jitu la darasa, akaupima ukuta kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono ishirini. Sada, mfupi mwenye ulimi mrefu, akapata ishirini na mitano. Kuti la mfano alilipima Sada peke yake: mikono mitano. Paa lina pande mbili, kila upande safu thelathini, kila safu ndefu kama ukuta. Basi Tawakali akaja na makuti mia mbili na arobaini. Sada mia tatu.

"Mkono wako umevimba!"

"Wako bado haujaota!"

Mkaguzi akacheka. "Ukuta mmoja, majibu mawili! Ndiko kujitegemea huko?"

Jawabu lilimwasha Abilahi mdomoni kama pilipili. Akaung'ata ulimi, asiseme.

Ndipo akainuka Mwanaheri, binti wa wakulima wa korosho. "Shikamoo, Mkaguzi. Jamani, Tawakali kapima ukuta, kuti kapimiwa na Sada! Mkono uliopima ukuta ndio upime na kuti."

Tawakali akalipima kuti: mikono minne. Ishirini gawa kwa nne, tano. Kwa Sada, ishirini na tano gawa kwa tano, tano! Makuti matano kila safu. Mia tatu!

Mkaguzi hakusadiki. Akavua koti, akapiga magoti, akatambaa vumbini akipima ukuta kisha kuti kwa mkono wake mwenyewe, watoto wakimhesabia kama ngoma ya jando. Akagawanya kiganjani.

"Tano!" akapiga ukelele kuwashinda wote. Kengele ikalia.

Akasimama, magoti yamejaa vumbi. "Mwalimu, kesho..." Akasita. "Kesho wape hesabu ya kisima cha kijiji. Sisi ofisini imetushinda."

Na iandikwe katika tarehe za mataifa: siku ile, kabla ya uji wa saa nne, mia tatu ilitekwa ikiwa hai, na hakuna mtoto aliyechapwa.